Paulo Alikataa Kutolewa kwa Siri



Neno letu la mara hii limetoka katika Matendo ya Mitume, sura ya 16, tangu mstari wa 35 hadi wa 40. Twamwomba kila msomaji aifungue Biblia yake na kuisoma habari hiyo yote, maana hapa tutaieleza kwa maneno yetu tu.

Paulo na Sila walikamatwa katika mji wa Filipi. Hawakupewa nafasi ya kujitetea. Walivuliwa nguo mbele ya umati, wakapigwa kwa fimbo, wakatiwa gerezani, na miguu yao ikafungwa. Usiku ule tetemeko likalitikisa gereza, na mlinzi wa gereza akaamini, yeye na jamaa yake yote. Sehemu hiyo twaipenda na twaihubiri mara nyingi. Lakini yaliyofuata asubuhi aghalabu twayaruka. Kulipokucha, wakuu wa mji walituma watu kusema kwamba wafungwa wale waachwe waende zao. Mlinzi akampelekea Paulo habari hiyo kwa furaha. Kwa akili ya kawaida tungetarajia Paulo amshukuru Mungu na kuondoka upesi. Yeye alikataa. Alijibu kwamba wao ni raia wa Rumi, kwamba wamepigwa hadharani bila ya kuhukumiwa, na kwamba haifai sasa watolewe kimyakimya kana kwamba halikutendeka neno. Waliotoa amri na waje wao wenyewe. Wakuu wale wakaingiwa na hofu, wakaja, wakawasihi.

Je, Paulo alifanya hivyo kwa kiburi? Hapana. Huyu ndiye aliyewaandikia Wafilipi hao hao baadaye juu ya unyenyekevu wa Kristo. Hakudai fidia, wala hakutaka yeyote afungwe. Alitaka jambo moja tu, kwamba lililotendwa mbele ya watu lijibiwe mbele ya watu. Nasi twaamini alikuwa akiwafikiri wale watakaobaki. Yeye alikuwa msafiri, lakini Lidia na ndugu wapya walikuwa wakaaji wa mji ule. Kama wakuu wangaliachwa wafute kosa lao gizani, aliyefuata kupigwa angalikuwa mmoja wa ndugu hao, na labda huyo hakuwa raia wa Rumi.

Tumeanza na habari hiyo kwa sababu ya swali ambalo watu wengi sasa huuliza, vijana kwa wazee, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Je, askari polisi waamriwe kuvaa kamera kifuani wanapokuwa kazini? Wako wanaosema kwamba hayo ni mambo ya serikali wala hayana nafasi katika gazeti la kanisa. Sisi twaona sivyo. Jambo lolote linalohusu ukweli, na uhai wa mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, lina nafasi hapa.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Kamera hiyo ni kifaa kidogo kinachobanwa kwenye shati la askari. Hunasa picha na sauti za yale yanayotokea mbele yake, na mwisho wa zamu picha hizo hupelekwa mahali pa kuhifadhiwa. Si kitu kigeni sana katika nia yake. Polisi wa London walipoanzishwa mwaka 1829, wakati wa Robert Peel, kila askari alipewa herufi na namba kwenye ukosi wa koti lake, ili raia aliyetendewa vibaya apate kusema ni nani. Kadhalika kila kituo chetu kina kitabu cha matukio, kile ambacho sote twakiita OB, na mtu akipeleka shauri lake hupewa namba. Namba ya ukosi, kitabu cha OB na kamera ya kifuani vyote vina nia moja, yaani mwenye mamlaka asiweze kusema baadaye kwamba hakuwapo, au kwamba mambo hayakuwa hivyo. Huko Uingereza kamera hizo zilijaribiwa katika mji wa Plymouth mwaka 2006, zikivaliwa kichwani. Lakini nchi iliyozitia nguvuni kwa sheria na kwa machozi ni Marekani, na huko ndiko tutakakotazama kwanza.

Tarehe 4 Aprili 2015 ilikuwa Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka. Katika mji wa North Charleston, jimbo la South Carolina, askari mmoja Mzungu alisimamisha gari la Mwafrika mmoja Mmarekani aitwaye Walter Scott, mwenye umri wa miaka 50, kwa kosa la taa ya breki iliyokufa. Bwana Scott akakimbia. Muda mfupi baadaye alikuwa amelala chini, amekufa kwa risasi. Maelezo ya kwanza ya upande wa polisi yalikuwa kwamba marehemu alinyang'anya kifaa cha umeme cha askari, na askari akaogopa kwa ajili ya maisha yake. Kama mambo yangaliishia hapo, hayo ndiyo yangaliandikwa na kufungwa.

Lakini alikuwako mpita njia. Kijana kinyozi, mhamiaji kutoka Jamhuri ya Dominika, alikuwa akienda kazini kwa miguu, naye aliyanasa yote kwa simu yake. Picha zilimwonyesha Bwana Scott akikimbia, mgongo wake ukiwa umemwelekea askari, na askari akifyatua risasi mara 8. Kijana yule alisema baadaye kwamba aliogopa sana, hata akafikiri kuzifuta picha zile na kunyamaza. Hakuzifuta. Alizipeleka kwa jamaa ya marehemu. Zilipotangazwa tarehe 7 Aprili, askari yule alikamatwa siku hiyo hiyo.

Tarehe 10 Juni mwaka huo huo gavana wa South Carolina alitia sahihi sheria ya kuamuru askari wa jimbo lile wavae kamera. Likawa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Watu walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo sheria ile ilikuwa na mapengo mawili. La kwanza, idara ya polisi haikulazimika kuitimiza mpaka ipate fedha za kutosha kutoka serikalini. La pili, sheria ile ile iliyoamuru kamera ivaliwe iliamuru pia kwamba picha zake zisihesabiwe kuwa kumbukumbu za umma ambazo raia yeyote aweza kuziomba. Basi jicho liliwekwa, na ufunguo wa kuona lililoonwa ukabaki mkononi mwa wale wale. Sisi hatusemi kwamba kila picha itangazwe sokoni, na tutarudi kwenye neno hilo. Lakini yafaa tujue tangu mwanzo kwamba kuivaa kamera ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni nani anaitunza picha, nani aweza kuiona, na nani aweza kuifuta.

Sasa, je, kamera humbadilisha askari? Mji mdogo wa Rialto, katika jimbo la California, ulijaribu jambo hilo kwa mwaka mzima tangu Februari 2012, na malalamiko ya raia yakapungua mno, na matumizi ya nguvu yakashuka kwa zaidi ya nusu. Habari hiyo ilienea kila mahali. Lakini mji mkuu wao, Washington, ulipofanya jaribio kubwa zaidi, la askari zaidi ya 2,000, matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 hayakuonyesha tofauti ya maana kati ya waliovaa kamera na wasiovaa. Wataalamu walishangaa. Mkristo hapaswi kushangaa sana. Sisi tuliokaa madarasani miaka mingi twajua kwamba darasa hunyamaza likisikia viatu vya mwalimu barazani, na viatu vikipita, kelele hurudi. Kutazamwa kwaweza kuuzuia mkono, lakini hakuugeuzi moyo. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi jambo hilo hilo juu ya sheria, kwamba hutuonyesha dhambi yetu bila ya kutuponya nayo.

Huko Baltimore mwezi wa Januari 2017 palitokea jambo ambalo kila mmoja wetu yafaa alitafakari. Kamera za askari wa mji ule zilikuwa zimetengenezwa kwa namna hii: askari akibonyeza kitufe cha kuanza, kamera huhifadhi pia picha za sekunde 30 zilizotangulia, bila ya sauti. Askari mmoja alionekana katika picha akitafuta ndani ya uwanja wenye takataka na kupata dawa za kulevya. Lakini zile sekunde 30 za kwanza, ambazo yeye hakuzikumbuka, zilimwonyesha akiziweka dawa zile pale kwa mkono wake, akitoka, kisha akibonyeza kitufe na kurudi kwenda kuzipata. Mwaka uliofuata mahakama ilimtia hatiani kwa kutunga ushahidi. Twajiuliza, ndugu zangu, ni mara ngapi nasi huishi kana kwamba mambo yetu huanza tunapobonyeza kitufe? Twavaa nguo za kanisa, twafungua kitabu cha sala, nasi twadhani kwamba hapo ndipo Mungu aanzapo kutazama. Zaburi ya 139 yatuambia vingine, na Waebrania sura ya 4 mstari wa 13 kadhalika.

Wako wanaopinga kamera kwa sababu nzuri. Husema kwamba kumvisha askari kamera ni kumwambia hatukuamini, na kwamba mtumishi asiyeaminiwa huvunjika moyo. Twawaheshimu wasemao hivyo, hasa wale ambao wana watoto katika kikosi cha polisi. Lakini na tutazame tunavyofanya hapa kanisani. Sadaka ikiisha kukusanywa, haihesabiwi na mtu mmoja peke yake. Huketi wawili au zaidi, wakahesabu, wakaandika, wakatia sahihi. Je, twafanya hivyo kwa kuwa mweka hazina wetu ni mwizi? La hasha. Twafanya hivyo ili siku fedha zikipungua, asiwepo wa kumnyooshea kidole mtu asiye na kosa. Paulo mwenyewe, alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alitaka wafuatane naye ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu. Habari hiyo iko katika Wakorintho wa Pili, sura ya 8. Ikiwa mtume mkuu hakuona aibu kuwa na mashahidi, kwa nini koplo aone aibu? Askari mwema asiye na kamera hana la kujitetea nalo anaposingiziwa, naye husingiziwa mara nyingi. Kamera ni shahidi wake pia.

Tena wengi wamesahau jambo moja. Kamera iliyo kifuani pa askari haimtazami yeye. Yatutazama sisi. Ikiwa kamera zitaletwa barabarani petu, zitauona mkono wa askari unaopokea, lakini kwanza zitauona mkono wa dereva unaotoa, na za abiria wanaohimiza kwamba ampe tu kitu kidogo waende zao, wamechelewa. Yohana Mbatizaji aliwaambia askari waliomwendea kwamba wasimdhulumu mtu na watosheke na mishahara yao, nayo yameandikwa katika Luka sura ya 3. Twapenda sana kuwasomea askari mstari huo. Lakini umati uliosimama pale mtoni nao uliambiwa utubu. Hatuwezi kudai kamera kwa ajili ya dhambi ya askari huku tukitumaini kwamba itafumba jicho itakapofika zamu yetu.

Liko neno la rehema pia, na hapa twarudi kwa lile tuliloahidi. Askari huitwa nyumbani mwa watu saa zao mbaya kuliko zote. Huwakuta walevi, wagonjwa wa akili, wanawake walioharibiwa, watoto waliopigwa na wazazi wao. Je, picha za watu hao zipite kutoka simu hadi simu, watu wakicheka? Twakumbuka wana wa Nuhu katika Mwanzo sura ya 9. Mmoja aliuona uchi wa baba yake akatoka nje kutangaza. Wawili walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika. Nuhu aliwabariki wale waliofunika. Lakini tusichanganye mambo. Kufunika aibu ya mnyonge ni upendo, na kufunika kosa la mwenye nguvu ni kushiriki kosa lake. Sheria nzuri ya kamera itatofautisha hayo mawili. Itasema ni wapi askari aizime, ni muda gani picha itunzwe, na ya kwamba mtu aliyeumizwa, au jamaa ya aliyekufa, hawezi kunyimwa kuiona. Na itasema kwamba mtunzaji wa picha asiwe yule yule anayeshtakiwa.

Hilo la mwisho si jambo la Marekani pekee. Mwezi wa Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa kwao Homa Bay kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa juu ya mkubwa mmoja wa polisi. Alisafirishwa mwendo mrefu hadi Nairobi, akatiwa katika kituo kikuu cha polisi, na kabla hakujapambazuka alikuwa amekufa. Baba yake alikuja Nairobi akiwa amebeba hati ya shamba, akitumaini kumdhamini mwanawe kwa ardhi yake. Alionyeshwa maiti. Polisi walisema kwanza kwamba kijana yule alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili wake walikuta majeraha ambayo hayakupatana na maneno hayo, na mkuu wa polisi akaja kuomba radhi kwa maelezo yale. Kituo kile kilikuwa na kamera ukutani. Lakini mamlaka huru ya kusimamia polisi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, ilieleza kwamba mitambo ya kamera ilikuwa imechezewa. Wako walioshtakiwa, na hukumu yao twaiachia mahakama, maana si kazi yetu kuwatangulia mahakimu. Tunalosema sisi ni kwamba jicho lilikuwako, na mkono wa mwanadamu ukalifumba.

Nalo si jambo jipya. Mathayo sura ya 28 yatuambia juu ya askari waliolinda kaburi la Bwana wetu. Wao waliona. Walikwenda wakaeleza yaliyotokea, na maelezo yao ya kwanza yalikuwa ya kweli. Ndipo wazee wakashauriana, wakawapa fedha nyingi, wakawafundisha la kusema, wakawaahidi kuwatetea mbele ya liwali. Zingatieni hilo. Askari wale hawakuitunga habari ya uongo wao wenyewe. Walipewa na wakubwa. Kwa hiyo tunapoomba askari mdogo avae kamera, tusiwasahau walio juu yake, ambao hawavai kamera, nao ndio waamuao maelezo yasemeje. Ufufuo wa Bwana haukuzuiwa na uongo ule, lakini hiyo si ruhusa kwetu ya kuuacha uongo uendelee.

Basi ikiwa chombo chaweza kuzimwa, kuchezewa na kufutwa, je, tusikitake? Sisi twasema tukitake, na tukidai kwa sauti, kama Paulo alivyodai. Kufuli huvunjwa, lakini hakuna alalaye mlango wazi kwa sababu hiyo. Hata kamera iliyofutwa hushuhudia, maana watu huuliza ilifutwa kwa nini. Ila tusiiwekee imani iliyo ya Mungu, wala tusiitwike kazi ambayo Mungu ametupa sisi.

Kazi hiyo ni ushahidi. Walawi sura ya 5, mstari wa 1, yamhesabia hatia mtu aliyeona jambo, au aliyejua habari zake, akaitwa kutoa ushahidi, akanyamaza. Maneno hayo ni mazito. Kinyozi wa North Charleston hakuwa na cheo. Alikuwa mgeni katika nchi, na mgeni huogopa polisi kuliko mwenyeji. Mwaka 2020, huko Minneapolis, George Floyd alipokufa chini ya goti la askari, maaskari waliokuwapo walikuwa wamevaa kamera, na bado tangazo la kwanza la polisi lilisema tu kwamba mtu alifariki baada ya kupatwa na maradhi wakati wa kukamatwa. Aliyeujulisha ulimwengu ukweli ni msichana wa miaka 17 aliyesimama kando ya njia na simu yake, asiondoke. Kamera za vifuani zilikuwapo, na bado Mungu alihitaji mtu aliyekubali kusimama. Nasi twauliza, katika mtaa wetu ni wangapi waliowahi kuona kijana akipigwa na kutupwa ndani ya gari, wakaingia ndani wakafunga dirisha? Hofu hiyo twaielewa. Watu wana watoto, wana biashara. Lakini tusiiite hofu hiyo hekima, wala tusidhani kwamba siku moja kifaa kitatuondolea wajibu wa kusema tuliloliona.

Sasa twafikia neno ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Kesi ya askari wa North Charleston haikwisha upesi. Mwezi wa Desemba 2016 baraza la raia 12 lililosikiliza kesi yake, na lililoziona picha zile, lilishindwa kukubaliana. Mwaka uliofuata askari yule alikiri kosa mbele ya mahakama ya serikali kuu ya Marekani, na mwezi wa Desemba 2017 alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Siku ile mahakamani mama yake marehemu, mwanamke mcha Mungu, alimwambia kwamba amemsamehe.

Tusipite haraka, ndugu. Je, mama yule angaliweza kumsamehe kama maelezo ya kwanza yangalisimama? Angalimsamehe nini? Maelezo yale yalimfanya mwanawe kuwa mkosaji, na aliyemwua kuwa mwenye haki. Asiye na kosa hasamehewi. Ilibidi kwanza kweli itokee, ikiri kwa kinywa cha mtenda, ndipo msamaha upate mahali pa kutua. Watu wengi hudhani kwamba kudai ukweli na kusamehe ni mambo yanayopingana. Husema, wewe Mkristo, kwa nini wafukua mambo? Samehe, yaishe. Lakini hata katika ibada yetu wenyewe, kuungama hutangulia kutangazwa kwa ondoleo la dhambi. Hakuna kasisi aliyewahi kugeuza utaratibu huo. Nathani alipokwenda kwa Daudi hakuanza na habari ya msamaha. Alianza na habari ya mwana-kondoo wa maskini, mpaka mfalme akajihukumu kwa kinywa chake, na ndipo neno la msamaha likafuata. Kwa hiyo adaiye ukweli juu ya mwanawe aliyekufa si adui wa msamaha. Yeye ndiye anayeutengenezea njia. Naye afichaye ukweli humnyima mfiwa nafasi ya kusamehe, na humnyima mkosaji nafasi ya kusamehewa. Askari aliyeua, na kosa lake likafichwa na wenzake, hajaokolewa nao. Wamemwacha peke yake na damu ile mpaka Siku ya Hukumu.

Hayo yakiwa ndivyo yalivyo, tufanye nini katika parishi yetu?

Kwanza, tuwaombee askari, katika sala za waumini zote, na kila Jumapili, na wale tunaowajua tuwataje kwa majina. Wako miongoni mwetu. Wengine hushiriki nasi Meza ya Bwana, kisha huenda zamu ya usiku mahali ambapo wenzao huwacheka kwa uaminifu wao.

Pili, wakati wabunge na wawakilishi wetu wajapo kwenye harambee zetu, tusipokee mchango tu. Tuwaulize kwa adabu: je, mtaunga mkono sheria ya kamera kwa askari, na fedha zake, na mtunzaji wa picha aliye huru? Hilo ni swali halali la raia, kama lilivyokuwa la Paulo.

Tatu, tuzijue haki ambazo tayari tunazo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungo cha 49, yataka mtu aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila ikiwa muda huo waishia siku isiyo ya mahakama. Tudai namba ya OB kila tupelekapo shauri. Umoja wa Akina Mama na Umoja wa Vijana waweza kuwafundisha wengine hayo kwa jioni moja tu.

Nne, tuwatembelee mahabusu. Bwana wetu katika Mathayo 25 hakuuliza kama mfungwa alikuwa na hatia. Kituo kinachotembelewa na wazee wa kanisa mara kwa mara kina macho ambayo hayawezi kufutwa na fundi.

Tano, tuache kutoa kitu kidogo. Tukichelewa na tuchelewe.

Na tumalizie kwa sala.

Ee Mungu, ambaye kwako kila moyo uko wazi wala hakuna jambo lililositirika: wape askari wetu ujasiri wa kutenda haki wanapotazamwa na wasipotazamwa, uwaondolee wakubwa wao tamaa ya kuficha, uwafariji wazazi waliokabidhiwa maiti badala ya watoto wao, na sisi tulioona utupe vinywa vya kusema, ili kweli itangulie, na msamaha uifuate, katika nchi yetu na katika nyumba zetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyehukumiwa kwa ushahidi wa uongo, naye yu hai milele. Amina.